Hapa maji mafu hayakauki: kisa cha mikoko 3,000 ya Bagamoyo

Tulipanda miche ya mikoko 3,000. Mwaka ulipotimia nilirudi na daftari, nikapita mstari kwa mstari maji yakiwa yametoka, nikahesabu iliyo hai. Ilikuwa 61.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu kabla ya kukiandika. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi, mimi ndiye niliyechagua siku ya kupanda, na baiolojia ndilo somo ninalofundisha. Nakiandika sasa kwa sababu kila masika yakikaribia nasikia vikundi vingine vya pwani vikijiandaa kufanya kile kile tulichofanya sisi, kwa mbegu zile zile, kwenye uwanda wa namna ile ile. Kazi ya kupanda mikoko ni ya jasho na ya moyo. Inaniuma kuona watu wakiipoteza kwa kosa ambalo mtu mmoja mwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia ngalawa, angeliona kwa asubuhi moja.

Mahali penyewe ni ufuo mmoja kusini ya mji wa Bagamoyo, ukielekea Kaole. Ukisimama ukingoni unatazama bahari upande wa mashariki. Nyuma yako upo ukanda mwembamba wa mikoko, na nyuma ya ukanda huo lipo shamba la chumvi lililoachwa miaka mingi, matuta yake bado yamesimama. Mbele ya mikoko, maji yakitoka, hufunguka uwanda mpana wa mchanga na tope, tambarare, unaofika mbali. Uwanda huo ndio tuliouona mtupu.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Ufuo ulikuwa unaliwa; minazi miwili ilikwisha kulala majini. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope. Kambamiti wanaovuliwa mbele ya midomo ya mito ya Ruvu na Wami hukulia utotoni kwenye maji ya mikoko, na hapa kwetu nyumba nyingi zinakula kwa kambamiti. Tulijua tunachokitaka. Hatukujua mahali.

Siku iliyotudanganya

Fedha zilitoka kwa shirika moja lililotaka jambo moja: idadi ya miche iliyopandwa kabla robo ya mwaka haijaisha. Halikuuliza kina cha maji, halikuuliza ni mti wa aina gani, halikuuliza nani anatumia uwanda ule sasa hivi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha idadi. Sisi nasi tulikijaza.

Mbegu tuliziokota wenyewe, watoto wa shule pamoja na kina mama wa kikundi. Mkoko wenyewe, mti mmoja kati ya miti ya pwani ambayo kwa jumla tunaiita mikoko, una namna yake ya kuzaa. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti mama: kutoka kwenye tunda dogo la kahawia hushuka kijiti kirefu cha kijani, chenye ncha chini, ambacho huweza kufika nusu mita. Kikikomaa hufanya ukosi wa rangi ya manjano pale kinapoungana na tunda, na hapo ukikigusa kinachomoka chenyewe mkononi. Kinaokoteka kwa urahisi, kinabebeka kwa kapu, kinachomekwa ardhini bila kitalu wala mbolea. Kwa sababu hiyo karibu kila kikundi hupanda mkoko, hata mahali ambapo mti mwingine ndio ungefaa.

Tulipanda mwezi Machi, asubuhi, kuanzia saa nne. Nilichagua siku hiyo kwa kuwa maji yalikuwa yametoka mbali sana na watu wangeweza kutembea makavu. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwenye pwani yetu bamvua hukauka saa nne au saa tano za asubuhi, saa nzuri kwa wageni, kwa watoto, kwa picha. Tulinyoosha kamba, tukaacha mita moja kati ya mche na mche, na hadi saa saba mchana uwanda ulikuwa umejaa vijiti vya kijani vilivyopangwa kama shamba la mkonge. Mama mmoja alilia kwa furaha. Nami nilifurahi.

Baada ya miezi miwili nilikwenda kukagua. Karibu yote ilikuwa imesimama, mingi imefungua majani mawili ya kwanza, mabichi, yanang'aa. Niliandika ripoti nzuri na nilikuwa mkweli katika kila neno. Nilichokisahau ni kwamba kijiti cha mkoko kina akiba yake ya chakula ndani. Kinaweza kufungua majani na kujionyesha mzima kwa miezi kadhaa kabla hakijategemea mizizi wala pumzi ya mahali kilipo. Ripoti ya miezi miwili hupima akiba aliyoiacha mti mama. Haipimi kitu kingine.

Kusi lilianza kuvuma. Mwezi Agosti majani yalikuwa yanageuka rangi na kuanguka, na vijiti vikaanza kuvaa magamba meupe madogo, yale yale yanayoota chini ya mashua na kukwaruza mkono kama msasa. Desemba ulikuwa ukitazama uwanda unaona vijiti vyeusi vilivyosimama wima, maelfu, havina jani. Machi nilihesabu.

Nilichomoa mmoja nikaukata kwa kisu pale pale. Kwa nje, kuanzia usawa wa tope hadi shingoni, magamba yalikuwa yamebanana hadi huoni ngozi. Ngozi ya kijiti cha mkoko ina vitundu vidogo vya kupumulia, unaviona kama vipele vya rangi ya maziwa. Vyote vilikuwa vimezibwa. Mizizi ilikuwa imetoka, mifupi, michache, kisha ikawa myeusi na laini, ikivunjika kwa kidole. Harufu ilikuwa ya yai viza. Harufu hiyo hutoka kwenye tope lisilo na hewa, na mti wa pwani unaweza kuishi katika tope la namna hiyo endapo tu sehemu yake ya juu inapata muda wa kutosha kila siku kuvuta hewa na kuipeleka chini. Mche wangu ulikuwa umezama huku umezibwa pumzi.

Tuliowashuku

Mkutano wa kikundi ulikuwa mgumu. Kila mtu alikuja na mtuhumiwa wake, na nadhani ni haki kuwapitia, kwa sababu vikundi vingi huishia hapa, hukubaliana na mtuhumiwa mmoja, kisha hupanda tena mahali pale pale mwaka unaofuata.

Wa kwanza alikuwa kusi. Ni kweli liling'oa miche. Lakini mche ulioondoka na wimbi hauachi kijiti, na vingi vyetu vilifia vimesimama.

Wengine walisema ni juya, kwamba wavuvi walikokota nyavu juu ya miche kwa makusudi. Nilitembea mistari yote nikitafuta alama. Palikuwa na sehemu moja iliyolala kama iliyofagiwa, upande wa kaskazini, si pana. Kwingine hapakuwa na kitu. Naandika hili kwa uzito kwa sababu maneno makali yalisemwa juu ya vijana wa juya, na hawakustahili.

Mbegu mbovu? Watoto walikuwa wamebakiza mbegu thelathini na kitu za mkusanyiko ule ule, wakazichomeka kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, na tope la mikokoni, nyuma ya darasa. Zilikuwa hai, zina majani manane, kumi.

Kaa nao walitajwa. Kaa wa mikokoni hula mbegu kweli, huzikata shingoni au huziburuta hadi shimoni. Nilikuta miche iliyokatwa hivyo, lakini yote ilikuwa kwenye mistari ya juu kabisa, karibu na miti mikubwa. Ndiko huko huko walikokuwa wale 61 waliosalia.

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza na kuanza kutazama. Waliosalia hawakutawanyika. Walikuwa wote upande mmoja, kwenye kipande kinachopanda kuelekea ukingoni. Ukitoka hapo ukashuka hatua kumi na tano, hakuna hata mmoja.

Saa kumi jioni

Yupo mzee mmoja mtaani kwetu ambaye ujanani alikata miti ya mikokoni, enzi ambazo majahazi yalikuwa yakipakia fito, pau, mazio na boriti kupeleka Unguja na Arabuni. Anajua kila mti kwa kazi yake: msinzi na mkandaa kwa nguzo na boriti, mkomafi kwa mbao, mlilana kwa mataruma ya mashua, mkoko kwa boriti na magome ya kutia rangi. Siku tulipopanda alipita ukingoni, akatazama, akaenda zake. Sikumwita. Hilo nalijutia kuliko miche.

Nilimkuta akitia kalafati kwenye ngalawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kwa habari ya miti yako."

"Ndiyo, babu. Nimekuja kuuliza."

"Mlipanda saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Bamvua hilo. Sasa subiri maji mafu, uende saa kumi jioni, maji yakiwa yametoka mwisho wake. Hapo maji mafu hayakauki, mwanangu."

Akarudi kwenye pamba yake na nyundo.

Nilikwenda. Siku ya saba baada ya mwezi mpevu, saa kumi jioni, saa ambayo kwa jedwali la maji bahari ilikuwa imefika chini kabisa kwa siku hiyo. Nilitoka ukingoni nikaingia kwenye mistari yetu, na maji yalinifika karibu na goti. Nilisimama pale zaidi ya nusu saa. Yalisita, yakaanza kurudi juu. Hayakuondoka hata kidogo. Vijiti vyetu vilikuwa vimezama hadi karibu na ncha, katika saa ambayo vilipaswa kuvuta pumzi.

Yote yalikuwa pale. Wakati wa bamvua, huku kwetu bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ikishuka inafunua ardhi ambayo siku nyingine haifunuki. Wakati wa maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa huwa kama mita 1 tu, na maji hukaa katikati, yakitikisika juu chini kidogo. Ardhi iliyo chini ya usawa huo wa katikati, siku za maji mafu haipati hewa mchana wala usiku, siku baada ya siku. Tulikuwa tumepanda kwenye ardhi hiyo. Na tusingeweza kupanda hapo siku nyingine yoyote isipokuwa bamvua, kwa hiyo siku pekee tuliyopaona ndiyo siku pekee ambayo pale panafanana na nchi kavu.

Upondo

Sikutaka kuishia kwenye hisia, kwa hiyo tulipima. Njia ni rahisi hata mtoto wa darasa la tano anaiweza, na naieleza yote ili mtu aichukue.

Maji yaliyotulia yana usawa mmoja. Ukipima kina mahali pawili kwa wakati mmoja, tofauti ya vina hivyo ndiyo tofauti ya urefu wa ardhi. Tulingoja siku isiyo na upepo, maji yakiwa yamejaa na kusimama, kabla hayajaanza kurudi. Mwanafunzi mmoja alisimama kwenye shina la mkoko mzima wa karibu, wa pili kwenye mlilana wa mwisho upande wa bahari, na mimi na kijana mwenye ngalawa tukaelea juu ya mistari ya miche iliyokufa na upondo tuliouchora alama za rangi kila sentimita kumi. Nikapiga filimbi, wote watatu tukasoma.

Kwenye mkoko: sentimita 40. Kwenye mlilana: 90. Kwetu: 190.

Mita moja na nusu. Mkoko unaozaa mbegu zile ulisimama mita moja na nusu juu ya mahali tulipozipeleka mbegu zake. Hata mlilana, mti unaovumilia maji kuliko wote hapa, ambao husimama mstari wa mbele ukiitazama bahari na mizizi yake minene ya kupumulia ikichomoza juu kama pembe, ulikuwa umekataa kushuka chini ya mita moja juu yetu.

Jambo hili limeandikwa zamani. Mwaka 1928, huko Malaya, mtaalamu wa misitu aitwaye Watson aligawa mikoko kwa idadi ya mara ambazo maji huifikia kwa mwezi: kuna ardhi inayofikiwa na kila maji kujaa, mara 56 hadi 62 kwa mwezi, na kuna ardhi inayofikiwa chini ya mara 2. Kila daraja lina miti yake. Baadaye Mmarekani Robin Lewis, aliyetumia maisha yake kurudisha mikoko iliyopotea, alionyesha kwamba mikoko kwa kawaida husimama pale ambapo maji hufunika ardhi kwa asilimia 30 ya muda au chini ya hapo. Sehemu yetu ilikuwa chini ya maji zaidi ya nusu ya muda. Ufilipino walipanda kwa mamilioni, wakipenda jamii ya mkoko kwa sababu zile zile za urahisi, na mwaka 2008 mtafiti Jurgenne Primavera na mwenzake waliandika kwamba miche iliyosalia kwa muda mrefu ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sisi tulipata asilimia 2. Nilisoma hayo yote baada ya upondo. Ningeyasoma kabla, bado naamini yule mzee ndiye angenifikisha upesi zaidi.

Na uwanda haukuwa mtupu. Hili nililijua kwa aibu siku nilipokwenda kuhesabu, kwa sababu siku ile sikuwa na wageni wala kamba, nilikuwa na macho yangu tu. Chini, kwenye mabaki ya maji, palikuwa na majani ya bahari, membamba, yamelala kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Samaki kama tasi hula majani hayo, na samaki wadogo hujificha humo. Wanawake watano walikuwa wameinama wakichokoa kombe. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba tangu tulipopanda hawapiti upande ule, vijiti vinawachoma miguu. Hatukuwauliza. Tulikuwa tumefunika chakula chao kwa msitu ambao haukuota.

Penye mbegu, mbona hapaoti?

Swali lililogeuza kazi yetu lilitoka kwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Alisema: mikoko ipo pale hatua mia moja, inaangusha mbegu kila mwaka, maji yanazipitisha juu ya uwanda mara mbili kwa siku. Kama hapajaota katika miaka yote hii, lipo linalozuia. Sisi tuliongeza mbegu mahali ambapo hapakuwa na upungufu wa mbegu.

Kaole ipo jirani kutufundisha hilo. Magofu yale, pamoja na msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, ni ya mji uliokuwa na bandari. Leo ukitoka magofuni kwenda baharini unapita mikokoni. Hakuna aliyeipanda. Tope lilijaa, ardhi ikapanda hadi kimo kinachoifaa mikoko, na miti ikaingia bandarini yenyewe. Mikoko ikipata kimo chake hata bandari ya watu haiiachi.

Basi tukauliza: ni wapi penye kimo sahihi na bado hapana mti? Jibu lilikuwa nyuma yetu, lile shamba la chumvi. Tulipima kwa njia ile ile, safari hii kwa mpira wa maji mwembamba unaoonyesha ndani, tukivusha usawa juu ya tuta. Sakafu ya shamba ilikuwa katikati ya kimo cha mkoko na kimo cha mchu, mti mwingine wa mikokoni. Ilikuwa mikokoni zamani. Visiki vya mkandaa bado vimo, vimekauka vyeupe. Walipofyeka na kuinua matuta ili jua likaushe chumvi, walikata maji. Kisha chumvi ikaacha kulipa, wakaondoka, na tuta likabaki likizuia bahari isiingie. Ardhi ikapasuka, ikafanya ukoko mweupe. Mbegu hazikuweza kufika, na iliyofika kwa bahati iliungua.

Kwa hiyo hapakuhitajika miche. Palihitajika majembe.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, hivyo hatukugusa tuta kabla ya kupata ruhusa kwa maandishi. Ilichukua miezi, na sina la kulalamikia hapo. Nafurahi ipo mikono inayozuia watu kuchimba mikokoni wapendavyo. Fedha ndizo hazikupatikana. Nilipomwandikia mfadhili wetu kwamba safari hii hatutapanda mche hata mmoja, barua haikujibiwa. Fomu yake haikuwa na kisanduku cha tuta lililokatwa.

Tulichimba wenyewe Jumamosi sita, kwa majembe na machepe. Mzee alikuja siku ya kwanza, akatembea juu ya tuta taratibu na fimbo yake, akaonyesha mahali pawili. "Hapa palipita mkondo. Na pale." Ungeniuliza mimi ningechimba katikati, kwa unyoofu. Lakini pale aliponyooshea, ndani ya shamba kulikuwa na bonde dogo lililopinda, njia ya zamani ya maji, na maji yalipoingia yaliifuata kama yaliyokuwa yakiikumbuka. Tulikata upana wa kama mita mbili kila mahali. Bamvua la kwanza lilipanua lenyewe.

Miezi ya mwanzo ilikatisha tamaa. Maji yaliyotoka yalikuwa machungu kwa chumvi na ukoko ulivunjika vunjika ukawa uji wa kijivu. Kisha masika yakaja, mvua ikaosha. Mimea ya kwanza kuonekana ni ile inayotambaa yenye majani manene ya maji na vikonyo vyekundu, yenye ua dogo la zambarau, unayoikuta kila ufuo. Nilitaka kuing'oa ili kupisha mikoko. Nashukuru sikuwahi. Mbegu za mchu, ambazo ni bapa kama lozi na huvua ganda lake zikiwa majini, zilikuwa zikielea na kupita. Zile zilizonasa kwenye mimea ile ndizo zilizotia mizizi.

Mchu ndio uliotangulia, na ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa huvumilia chumvi kuliko wenzake na huitoa nje kwa majani. Lamba jani la mchu asubuhi wakati wa jua kali utaisikia ulimini. Masika ya kwanza nilihesabu michipukizi 214 ya mchu. Ya pili sikuweza kuhesabu mmoja mmoja. Kandokando ya mkondo wa kusini imetokea mikandaa, na mikoko kumi na mmoja, iliyojileta. Mashimo ya kaa yamerudi, na tondo wameanza kuonekana, weusi, wakiburuta magamba yao juu ya tope jipya. Kaa hao hao tuliowashtaki mkutanoni ndio wanaochimba tope na kuliingizia hewa.

Ufuo wa mbele bado unaliwa, niseme wazi. Shamba la chumvi likirudi kuwa msitu halitasimamisha mnazi ulio ukingoni leo. Pale mbele, kama upo mti wa kusaidia ni mlilana, na ni kwenye kipande chembamba cha juu tu, si uwandani. Mlilana hauna kijiti cha kuchomeka. Tunda lake la kijani, la mviringo, lina mbegu ndogondogo nyingi, na kuzikuza kitaluni ni kazi ya uvumilivu ambayo bado tunajifunza. Uwandani hatutapanda kitu. Vijiti vilivyokufa tulivichomoa vyote, tukawarudishia wale kina mama njia yao ya kombe.

Limebaki suala moja ambalo kikundi kimegawanyika juu yake. Kona ya magharibi ya shamba, kubwa kama viwanja viwili vya mpira, bado ni nyeupe na kavu. Vijana wanataka mkondo wa tatu uchimbwe sasa, kabla nguvu hazijapoa. Mzee anasema kona ile ni ya juu na maji yake ni ya msimu, na kwamba huenda zamani nayo ilikuwa jangwa la chumvi lisilo na mti. Bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa kuliko za mwaka mzima. Tumechomeka vigingi kumi na viwili kuanzia mkondo wa pili hadi ukutani, kila kimoja kimepakwa chokaa hadi chini, na Septemba tutakwenda usiku na tochi kuona maji yanaosha chokaa hadi kwenye kipi.